Jina Jipya na Mtu wa Kale

Pale Kisangani, kwenye maporomoko ya Boyoma, wavuvi Wagenia hutega mitego yao katikati ya maji makali, kama walivyofundishwa na babu zao. Husimamisha miti imara kati ya mawe, hufunga vikapu vikubwa kwa kamba, na nguvu ya maji yenyewe huwaletea samaki. Katika umri wa mzee mmoja tu, mambo mengi ya mahali pale yamebadilishwa jina. Mji ulioitwa Stanleyville ukaitwa Kisangani mwaka 1966. Nchi iliyoitwa Kongo ikaitwa Zaire mwezi wa Oktoba 1971, na mto mkubwa nao ukaitwa Zaire. Mwaka 1997 jina la Kongo likarudi. Lakini katika miaka hiyo yote maji hayakusimama hata siku moja kuuliza yanaitwaje. Samaki waliingia katika vikapu vile vile, na mtu aliyetega vibaya alirudi mikono mitupu chini ya kila jina.

Neno hili lafaa kufikiriwa na kila mkatekumeni anayeingoja siku ya ubatizo, kwa kuwa siku ile atapewa jina. Je, jina jipya humfanya mtu kuwa mpya? Na mtu akijipa jina jipya kwa mapenzi yake mwenyewe, anatafuta nini?

Iko hadithi moja iliyotungwa Marekani na kuoneshwa katika televisheni tangu mwaka 2015 hata mwaka 2022, nayo inalichunguza swali hilo kwa undani. Waliyoibuni ni Vince Gilligan na Peter Gould. Si habari ya mtu aliyeishi. Ni mfano, kama mifano isimuliwayo jioni penye moto. Mwenye kusimuliwa ni wakili mmoja, jina lake James McGill, na jamaa zake humwita Jimmy.

Jimmy alizaliwa karibu na mji wa Chicago. Baba yake alikuwa na duka dogo, naye alikuwa mtu mwema, asiyeweza kumnyima mtu. Kila mjanja aliyepita na hadithi ya huzuni alipewa fedha. Siku moja tapeli mmoja alimwambia mtoto Jimmy kwamba duniani mna watu wa namna mbili tu, wenye kula na wenye kuliwa, na kila mtu hana budi kuchagua. Mtoto akamtazama baba yake, akaona anaibiwa mchana kweupe. Ndipo akaanza kudokoa fedha za duka kwa mkono wake mwenyewe. Alipokua, alijulikana mtaani kwa hila ya kujiangusha juu ya barafu ili apate kudai malipo ya kuumia. Hilo ndilo jina lake la kwanza baya: Jimmy mwenye kuteleza.

Alikuwa na kaka mkubwa, Chuck, wakili mwenye heshima nyingi katika mji wa Albuquerque. Jimmy alipofungwa kwa upumbavu wake, kaka alimtoa gerezani akampa kazi ya kupeleka barua katika ofisi yake. Jimmy akatulia. Usiku alisoma sheria kwa njia ya barua, bila kumwambia mtu, akafaulu mtihani, akawa wakili kweli. Akamletea kaka yake cheti kwa furaha, akitumaini kupokewa ofisini kama ndugu. Hakupokewa. Na baada ya miaka akagundua kwamba aliyekataza asipokewe alikuwa Chuck mwenyewe, kwa siri, akiwaachia wengine lawama. Kwa macho ya kaka, Jimmy alibaki yule mwenye kuteleza, na sheria mikononi mwake ilikuwa kama kisu mikononi mwa mtoto.

Hapo msomaji hana budi kutua kidogo. Kosa la kwanza katika hadithi hii si la Jimmy peke yake. Mtu aliyejitahidi miaka mingi kuacha njia mbaya akifungiwa mlango na ndugu yake wa damu, amedhulumiwa. Lakini dhuluma tunayotendewa haitufungulii njia ya kutenda dhuluma, na hilo ndilo Jimmy hakukubali kulijua. Alighushi hati za kazi ya kaka yake ili kumwaibisha. Alishtakiwa mbele ya chama cha mawakili, akasimamishwa kazi mwaka mmoja. Naye katika uchungu wake akawapelekea watu wa bima habari za ugonjwa wa akili wa kaka yake. Chuck akaondolewa katika ofisi aliyoijenga, na kisha akafa katika moto aliouwasha mwenyewe.

Mwaka ule wa kusimamishwa, Jimmy aliuza simu kwa wahuni wa usiku chini ya jina la kubuni: Saul Goodman. Jina hilo lilikuwa mzaha, kwa maana likitamkwa upesi kwa Kiingereza husikika kama mtu asemaye kwamba mambo yote ni salama. Mwaka ulipokwisha, akasimama mbele ya kamati ili arudishiwe ruhusa ya uwakili. Akamtaja marehemu kaka yake kwa machozi, hata wasikilizaji wakafuta macho. Akapewa ruhusa. Mara alipotoka nje akayacheka machozi yale, na saa ile ile akaomba fomu ya kufanya kazi kwa jina jingine. Tangu siku ile James McGill akafichwa, na Saul Goodman akatoka barabarani.

Kwa nini alifanya hivyo? Sababu ziko nne, na yafaa zitazamwe moja moja, kwa kuwa moyo wa mtu mara chache hutenda jambo kwa sababu moja.

Sababu ya kwanza ni faida. Wahuni walionunua simu zake walimjua kwa jina la Saul, naye alijua kwamba wahuni wana kesi nyingi. Akatangaza kazi yake kwa kelele na rangi nyingi. Wazee wamesema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jina lihitajilo kupigiwa ngoma kila siku lina upungufu ndani yake.

Sababu ya pili ni aibu iliyogeuka kuwa kiburi. Jina la McGill lilikuwa jina la kaka yake pia, na kila alipolitamka alisikia hukumu ya Chuck. Kabla ya siku ile ya kamati aliona msichana mmoja akinyimwa fedha za masomo kwa sababu alikuwa amewahi kuiba dukani. Jimmy alimfuata nje akamwambia kwamba watu wale hawatamsamehe kamwe, basi asiwangoje. Maneno yale alikuwa akijiambia mwenyewe. Alifikiri: kwa kuwa hawataniita mwema, nitakuwa mbaya kwa jina nililolichagua mimi.

Sababu ya tatu ni kukimbia maombolezo. Hakumlilia kaka yake hata siku moja kwa machozi ya kweli. Huzuni isiyoliliwa humngoja mtu mlangoni. Jimmy akahama nyumba ili asikutane nayo. Jina jipya likawa nyumba ambayo marehemu hakuwahi kuikanyaga.

Sababu ya nne ni kubwa kuliko zote: alitaka awepo mtu mwingine wa kubeba lawama. Mtu afanyapo neno baya, dhamiri humwuliza, “Wewe umefanya nini?” Akiwa na majina mawili, aweza kujibu, “Si mimi, ni yule.” Saul ndiye adanganyaye, Jimmy amelala tu ndani, hana habari. Basi jina likawa kama joho ambalo mtu hulivaa akienda kuiba, kisha hulivua mlangoni na kuingia kwa watoto wake kama baba mwema. Lakini mkono ni ule ule, na kilichoibwa kimelala chini ya kitanda kile kile.

Matunda yake yalionekana. Mtu mmoja asiyestahili mauti, aliyekuwa mwenzake Chuck katika kazi, alichezewa hila na Jimmy pamoja na mkewe Kim, akauawa katikati ya hila ile. Kim akaondoka. Saul akawa mshauri wa wauza dawa za kulevya, na watu wengi wakafa. Mwishowe akakimbia, akachukua jina la tatu, akauza mikate mitamu katika mji wa mbali, akiogopa kila uso uliomtazama. Mambo huwa hivyo daima: jina la kujificha halimtoshi mtu, litahitaji jingine la kulificha lenyewe.

Jambo hili si la mtu mmoja tu, wala si la Marekani tu. Mwezi wa Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, hakukubaliana na serikali, hata ikambidi akae Roma kwa muda mwaka ule. Katika jambo hili yafaa haki itendwe kwa pande zote mbili. Majina ya mababu ni mema, na aliyeaibishwa kwa ajili yake miaka mingi alifurahi kwa haki kuyasikia yakitamkwa kwa heshima. Lakini je, majina yaliponyosha kimo, mioyo nayo ilinyoka? Mwaka 1977 Mobutu mwenyewe alikiri mbele ya watu wa chama chake kwamba katika nchi kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Na jina lile la Zaire, lililochukuliwa kama jina la asili, lilikuwa neno la Kikongo lenye maana ya mto kama Wareno walivyolisikia na kulitamka vibaya. Neno lililopotoshwa na wageni ndilo lililovishwa heshima ya mababu. Basi jina peke yake haliwezi kuwa dawa, liwe la Kizungu au la asili.

Kinyume cha yule wakili ni binti wa nchi hii hii, ambaye jina lake halikuchaguliwa kwa werevu hata kidogo. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Jina lake lilikuwa Nengapeta. Alipopelekwa shuleni, mtawa aliyeandika majina alikosea, akamwandikia jina la dada yake, Anuarite. Kosa la kalamu likabaki katika daftari, naye akakua nalo. Baadaye akawa mtawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akapewa jina la Maria Klementina. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, aliuawa Isiro na ofisa wa waasi kwa sababu alikataa kuivunja nadhiri yake. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa.

Ni majina mangapi hayo? La nyumbani, la dada yake, la utawani. Mtu mwenye moyo wa Jimmy angeweza kupata ndani yake mahali pengi pa kujificha. Binti huyu hakujificha popote. Alijibu neno moja shuleni, neno lile lile konventini, na neno lile lile mbele ya silaha. Kwa hiyo leo Wakristu humwita Anuarite, na hakuna anayejali kwamba jina liliandikwa kwa kosa. Kwa maana aliyelibeba amelijaza. Jina ni kama kibuyu: si kibuyu kinachoyafanya maji kuwa matamu.

Kwa nini basi Kanisa humpa mtu jina siku ya ubatizo? Wengine hufikiri kwamba ndivyo Saulo alivyogeuka Paulo: akaoga, akavua jina la mtesaji, akavaa jina la Mtume. Lakini asomaye vema kitabu cha Matendo ya Mitume ataona habari nyingine. Bwana Yezu alimwita kwa jina la Saulo pale njiani. Anania wa Damasko alipomwingilia chumbani, akimjua kuwa ndiye mtesaji, alimwekea mikono na kumwita ndugu yake, akilitaja jina lile lile la Saulo. Jina la Paulo linatajwa baadaye, huko Kupro, na halisemwi kwamba ni jina la kuficha la zamani. Wayahudi wengi wa siku zile walikuwa na jina la kwao na jina la Kirumi pamoja. Saulo aligeuka angali anaitwa Saulo. Na alipokwisha kujulikana kama Paulo, hakusema kamwe, “Aliyewatesa Wakristu ni mtu mwingine.” Katika barua zake alikumbusha mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyelitesa Kanisa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Wakili wa hadithi alichukua jina ili deni libaki kwa wa zamani. Paulo alibeba deni la Saulo mpaka mwisho. Na Zakayo, mtoza ushuru, hakubadilisha jina lolote. Alirudisha mara nne kile alichowanyang'anya watu, na wokovu ukaingia nyumbani mwake akiitwa Zakayo vile vile.

Mfano wa kijijini utalionesha jambo hili. Mtu mmoja anakopa kwa mjane bidoni tano za mafuta ya mawese, anaahidi kulipa akirudi kutoka sokoni Kisangani. Anauza, anakula fedha, halipi. Mwaka unapita. Anafundishwa dini, anabatizwa, anaitwa Paulo. Mjane anamjia baada ya misa kwa unyenyekevu: “Baba, zile bidoni tano.” Naye anajibu, “Mama, aliyekopa alikuwa mpagani. Yule amekufa majini. Mimi ni Paulo.” Waliosimama karibu wanacheka, na wengine wanamsifu kwa werevu wake.

Jibu lile ni uongo mtupu. Ubatizo huondoa dhambi zote za mtu, hata dhambi ya wizi. Lakini mali ya mjane hairudi kwake kwa maji ya ubatizo. Itarudi kwa miguu ya yule aliyeichukua. Mungu amemsamehe Paulo wizi wake. Hajamzawadia mafuta ya mjane. Aliye mpya kweli atajulikana kwa kuwa sasa ana nguvu ya kulipa kile ambacho yule wa zamani hakuwa na nguvu ya kulipa. Kama hana kitu, na aende kukiri deni, aombe muda, alipe kidogo kidogo.

Lakini liko neno la pili, nalo ni la waliosimama karibu. Tuseme mtu yule amelipa bidoni zote tano. Je, kijiji kitamwita nani? Kama watoto watafundishwa kumwita Mwizi wa Mafuta mpaka kaburini, kijiji kimefanya kazi ya Chuck. Kimemfungia mlango aliyegonga kwa haki, kisha kitashangaa akirudi usiku kwa dirisha. Wako watu wengi ambao wangekuwa wema kama angepatikana Anania mmoja wa kuwaita ndugu kabla hawajastahili. Mwenye kosa ana wajibu wa kulipa; jirani ana wajibu wa kuacha kudai alichokwisha kulipwa.

Hadithi ya wakili inaishia mahakamani. Alikuwa amekamatwa, na kwa werevu wake akawa amewashawishi wakuu wa serikali wampe kifungo cha miaka 7 tu. Kisha akasikia kwamba Kim, mkewe wa zamani, ameyakiri makosa yake mwenyewe kwa hiari. Akasimama mbele ya hakimu, Kim akiwa ameketi nyuma, akayakiri yote. Akakiri hata lile ambalo hakuna sheria iliyomwuliza: jinsi alivyomdhuru kaka yake. Hakimu alipomwita kwa jina la Goodman, akamsahihisha akasema kwamba yeye ni McGill. Kifungo kikawa miaka 86.

Mtu wa dunia atasema amepata hasara ya miaka 79. Lakini aliyekuwa amefungwa katika jina la uongo alitoka siku ile. Hata hivyo hadithi haidanganyi: ndani ya gari la wafungwa, na jikoni gerezani, wafungwa walizidi kumwita Saul. Jina baya huvaliwa kwa saa moja, na kulivua huchukua maisha. Mtu mmoja tu alikuja kumtazama na kumwita Jimmy: ni Kim, aliyelijua kosa lake lote.

Mkatekumeni atakapoulizwa jina mbele ya kisima cha ubatizo, na alitaje bila hofu, liwe la mtakatifu wa mbali au la babu yake. Lakini usiku wa kabla yake na akae kimya ajiulize: nani ananidai? Nani nilimwaibisha? Ni neno gani ninalotumaini kulizika pamoja na jina la zamani? Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, na apite kwanza nyumbani kwa mtu yule.

Maswali ya kuongea pamoja na katekista:

1. Jimmy alidhulumiwa na kaka yake. Je, dhuluma ile ilimpa ruhusa ya kutenda aliyoyatenda? Eleza.

2. Anuarite alipewa jina kwa kosa, na Saul alijichagulia lake kwa werevu. Kwa nini la kwanza limekuwa la heshima, na la pili la aibu?

3. Je, yuko mtu kijijini aliyekwisha kulipa deni lake, nasi tungali tunamwita kwa jina la kosa lake? Tutamwitaje tangu leo?